Ruta na Chumba cha Katikati

Mwanangu Atija,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua, maana asubuhi nimekuona ukila mihogo umesimama kama mtu anayefukuzwa, na ya kwangu unaijua vilevile. Basi hilo tulivuke. Nimeagiza uifungue barua hii mkishaipita Mueda, lakini nakujua, hutaweza kujizuia, utaifungua hata Palma hamjaiacha.

Sasa hivi ni baada ya alasiri. Wewe na mama yako mmetoka kwenda kuwaaga jamaa na majirani, na mama yako akienda kuaga huaga kama anayehama dunia, kwa hiyo najua nina nafasi ya kuandika mpaka magharibi. Mambo ya kila siku sitayagusa. Ameshayasema yote: kufunga mlango, wenzako wa chumbani, mafuta ya nywele, swala, vyakula vya barabarani, na akifika mwisho anaanza upya. Mimi nataka kukueleza habari ya ruta.

Najua umecheka. Wiki nzima tumegombana kwa ajili ya kisanduku cha mtandao, na kesho unaondoka ukiamini kwamba baba yako ni mbishi, au vibaya zaidi, kwamba hajali kama ukipiga simu kutoka Nampula utasikika au hutasikika. Ubishi naukubali, nimezaliwa nao. Hilo la pili linaniuma, na sitaki uende nalo.

Nianze na nyumba. Nilipomuoa mama yako nilijenga vyumba viwili na sebule, kwa mawe ya bahari na chokaa, kama nilivyofundishwa na mafundi wa Mtwara. Ukuta wangu una unene wa dhiraa nzima, toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Watu wa hapa Quionga walinicheka, wakaniuliza najenga nyumba au gereza. Niliwajibu kwamba nataka nyumba ambayo mtu na mkewe wakigombana, jirani asipate hadithi. Nilikuwa kijana, na nilikuwa na ulimi mkali, na kwetu aibu ni kitu cha kufungiwa ndani.

Ukaja mwaka ule wa kukimbia vita. Tuliporudi mabati hayakuwepo, milango haikuwepo, hata fremu za madirisha zilikuwa zimeng'olewa, lakini kuta zilikuwa zimesimama. Nilizishika kwa mikono yote miwili nikalia, nawe ukajifanya unatazama minazi. Ulikuwa bado mdogo, sijui adabu ile uliitoa wapi. Sikuwahi kukushukuru, nakushukuru leo.

Baada ya hapo nyumba ikawa inaota vyumba. Shangazi yako Fatima alirudi mjane na wanawe, nikaongeza chumba. Wajomba zako walipotoka Mute na familia zao, nikaongeza viwili. Wakapata kwao wakaondoka, wakaja wengine. Kila aliyefika nilimpa ukuta, kwa sababu ndicho kitu ninachojua kumpa mtu. Wewe ulipokuwa msichana mkubwa, haifai tena kulala mkeka mmoja na wadogo zako, nilikujengea chako mwisho wa nyumba, ukachagua chokaa itiwe rangi ya bluu, nikakwambia chumba cha bluu huita mbu, ukaniambia mbu nao ni wageni. Nyumba ikaendelea kurefuka kuelekea minazini, na chumba chako kilichokuwa cha mwisho kikajikuta kiko katikati. Hakuna aliyepanga hivyo.

Unaikumbuka ruta ya kwanza? Nilipopata kontrato ya kazi ya uashi kule Afungi, kitu cha kwanza nilichokileta nyumbani baada ya mchele kilikuwa kile kisanduku cheupe cha kutiwa laini ya simu. Mama yako akaona ni kitu cha heshima. Akakiweka ndani ya kabati la vioo, baina ya birika la harusi yake na vile vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea chai, akakifunika kitambaa cha kufuma.

Ukamwambia, "Mama, rede inataka hewa."

"Hewa itaipata," akakujibu. "Kwani kabati halina tundu la ufunguo?"

Na kweli hiyo rede, huo mtandao, ukawa unafika mlango wa sebule unakoma. Mtu akivuka kizingiti tu, amepotea. Kwa hiyo kila jioni wote tulikuwa pale. Fatima na ungo wake wa karanga, mama yako na mawaidha yake ambayo ilibidi sote tuyasikilize, watoto wamelaliana juu ya mkeka wakitazama mpira wa nchi za watu, wewe umejibanza pembeni na masomo yako, vidole masikioni. Bibi yako alikuwa bado anatembea. Alikuwa na kiti chake karibu na kabati, na mtandao ukisitasita aligonga kioo kwa pete, akaamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyeurudisha. Nanyi mkawa mnamwomba, "Bibi, gonga." Mimi nilikuwa nalalamika. Nilisema, nyumba ina vyumba tele, kwa nini watu warundikane sebuleni kama dagaa kwenye kapu. Sikusikia hata taarifa ya habari kwa kelele.

Sasa nazitamani zile jioni, mwanangu, nakwambia bila kuficha. Hakuna siku tuliyoamua kuziacha. Kila mtu alipata simu yake na saldo yake ya kununulia mtandao, mmoja akahamia chumbani, kesho yake mwingine, na siku moja nikasikia taarifa ya habari yote toka mwanzo hadi mwisho. Nilizima redio, nikakaa nikitazama mkeka mtupu.

Bibi yako alipoishiwa na nguvu za miguu, nilimjengea chumba kule mwisho kabisa, upande wa minazi. Katika kazi yangu yote sijajenga chumba nikakipenda kama kile. Dirisha linapokea upepo wa bahari, sakafu nimeisugua mwenyewe mpaka ikang'aa, choo chake kiko pembeni kwa hatua chache, jiko liko mbali na watoto wako mbali. Nilitaka mama yangu apumzike. Siku ya kumhamishia nilisimama mlangoni nikisubiri atasema nini. Akapitisha kiganja ukutani, akasema, "Ahsante, mwanangu, kuta zimenyooka." Nikaridhika. Fundi akishaambiwa kuta zimenyooka hatafuti neno jingine.

Kule mwisho hata laini ya simu haikushika, na wewe ndiye uliyeanza ile safari ya kila jioni. Ulikaa sebuleni ukapokea sauti za dada yake Bibi aliyeko Mtwara, ukavuka ua, ukapita mlango wa Fatima, ukapita nguo zilizoanikwa, ukafika kule mwisho ukamsikilizisha. Bibi akajibu, ukamrekodi, ukarudi mbio sebuleni kuituma sauti yake. Pengine ulikwenda na kurudi mara kadhaa kwa mazungumzo ambayo watu wengine wangeyamaliza kwa pumzi moja. Dada mtu huko Mtwara alidhani mdogo wake anachezea simu ya kisasa. Mtandao wa chumba kile ulikuwa miguu yako.

Na ukichelewa, nilimsikia Bibi akiniuliza nikimpelekea chai, "Mke mwenzangu yuko wapi leo? Ameolewa kwingine?" Tangu uzaliwe hajakuita jina jingine. Nilikuwa nampa chai, nikimuuliza kama ana haja ya kitu, akisema hana, natoka. Nilidhani nimemtembelea.

Siku jina lako lilipotoka chuoni nyumba nzima ilipiga vigelegele. Fatima alimwaga maharage. Halafu tulipokwisha kutulia, tukasikia kigelegele kimoja kutoka kule mwisho, peke yake, kimechelewa, kwa sababu ilibidi mtoto atumwe kumpelekea habari. Nilikisikia, mwanangu, nikaona ni jambo la kuchekesha, nikaendelea na yangu.

Wewe hukucheka. Jioni ile uliniambia, "Baba, nikiondoka, nani atampelekea Bibi sauti? Nunua ruta inayofika mbali." Nikakuahidi.

Nikaenda Palma, kwa Anli muuza simu. Unamjua, hawezi kukuuzia hata chaja bila kukusaili. Alikuwa anakunywa chai.

"Nyumba ya mestre ni kubwa?" akaniuliza. Mafundi wote huwaita mestre.

"Kubwa."

"Kubwa kwenda juu au kwenda nyuma?"

"Kwenda nyuma."

"Na kuta?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa majivuno, nikamwonyesha na unene kwa mkono, toka kiwiko. Akaweka kikombe chini.

"Hiyo si nyumba, mestre, hilo ni boma la Wareno. Rede na jiwe la bahari hawapatani. Inapita ukuta mmoja imechoka, wa pili inatambaa, wa tatu imekufa."

"Ndiyo maana nataka yenye nguvu. Nipe hiyo." Nilikuwa nimeshaiona rafuni, nyeusi, antena zimesimama pande zote kama miguu ya kaa aliyepinduliwa. Niliipenda kwa macho tu.

Anli akatikisa kichwa. Akachora kwa kidole juu ya vumbi la meza: nyumba ndefu, kuta zimeikata vipande. Akanieleza kwamba antena nyingi zinafaa nyumba iliyo wazi, au ya matofali membamba; kwangu mimi zitapigana na jiwe na jiwe litashinda. Akanishauri nichukue visanduku viwili mapacha, kimoja kikae mbele na laini yake, cha pili kikae katikati, kipokee kwa mwenzake na kusukuma nyuma. "Si kazi ya nguvu, mestre. Ni kazi ya kupokezana, kama nyie mnavyorushiana matofali."

Nilielewa. Sitakudanganya kwamba sikuelewa. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakueleza.

"Katikati pana nini?" akauliza.

"Chumba cha binti yangu."

"Huyu anayekwenda Nampula? Pronto, basi. Weka hapo hapo. Si anaondoka?"

Hana kosa, alisema alichokiona. Lakini lile neno lilinichoma, nikamwambia anifungie ile ya antena, wala nisimsikie tena. Akaifunga. Alipokuwa akinipa akasema, "Usiutupe mfuko wake."

Sababu hukuijua, na hii ndiyo ninayokuandikia. Nilikuwa nimekusudia kukifunga chumba chako. Kitasa kipya nilikuwa nacho tayari kwenye kapu la zana. Nilipanga gari likishaondoka nitatandika kitanda chako, nitafunga dirisha, nitafunga mlango, ufunguo nitauweka mimi, na hakuna mtu atakayelala pale wala kuingiza kitu mpaka urudi. Niliona hivyo ndivyo baba anavyomngoja mwanawe. Sasa nikiweka ruta mle, mlango utakuwa wazi mchana kutwa. Watoto wataingia kuichungulia taa yake, Fatima ataingia kuchaji simu, na baada ya mwezi mtu ataanika shuka mle kwa sababu ya mvua, na hapo tena hakuna chumba cha Atija.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Niliisimamisha ile nyeusi juu ya kabati, nikaenda chumbani kwa Bibi na simu mkononi, hakuna kitu. Nikaiweka dirishani, hakuna kitu. Nikaining'iniza kwenye boriti chini ya bati, mama yako akaniuliza kama naogopa panya. Kumbe mtandao ulikuwa unapita dirishani kwenda barabarani, na kufika Ijumaa vijana wa mtaa mzima wamekaa kwenye baraza yetu, wamenyamaza, vichwa chini, nami nikadhani wamekuja kutoa pole. Mama yako alisema ruta imeshika tabia ya mwenye nyumba enzi za ujana wake, njiani anasifiwa na kila mtu na nyumbani haonekani. Nilicheka, lakini alinipata.

Ndipo ukaniambia, "Baba, iweke chumbani kwangu basi. Wala sikihitaji tena."

Nami nikakufokea. Nilisema hapana mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, bila sababu, nikatoka nje. Hukukosea neno lolote. Ulisema "sikihitaji tena" kwa wepesi, kama mtu asemavyo habari ya kiatu kilichombana, nami niliyejiandaa kukilinda kile chumba nikaona nimevuliwa nguo. Nisamehe kwa ile sauti.

Jana asubuhi Bibi aliniita. Nilidhani anataka chai.

"Kaa," akaniambia. Nikakaa pembeni ya kitanda chake, na nikakumbuka kwamba ni muda mrefu sijakaa pale. "Nasikia wagombana na mwanao."

"Si ugomvi, Mama. Ni habari ya ruta. Nitarudi Palma kutafuta nyingine, yenye nguvu kuliko hii, ikufikie huku."

"Inifikie nini?"

"Sauti ya Atija."

Akanigeukia. "Na sauti yako, Abdala? Na ya mkeo? Na za hawa watoto? Nazo zauzwa Palma?"

Nikabaki naitazama ile sakafu niliyoisugua.

"Huku nasikia nazi," akasema. "Nikisikia kishindo, najua ni nazi imeanguka. Nikisikia kimya, najua mwala chakula."

"Nilidhani wapenda utulivu, Mama."

"Utulivu waningoja makaburini, wala si mbali. Hukuwa na haja ya kuutanguliza."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mtoto. "Umejenga kwa mapenzi, kuta zimenyooka. Mtu akikupa kitu kizuri hivi, utaanzaje kumwambia hukitaki? Nikanyamaza. Mke mwenzangu alikuwa aja kila jioni, nikaona yatosha. Sasa aenda." Halafu akasema alilokuwa amelikusudia tangu mwanzo. "Nipelekeni chumbani kwake. Pale nitasikia sufuria zikigongana, na hiyo rede yenu iko karibu."

Nikamwambia ukweli, kwamba nimepanga kukifunga mpaka urudi, kama yeye alivyonifungia changu.

Hadithi ile umeisikia mara nyingi mpaka umechoka: jinsi nilivyokwenda Mtwara kujifunza uashi nikiwa na umri kama wako, nikakaa miaka, na niliporudi mama yangu akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akanifungulia, nikakuta mkeka wangu na kitanda changu na shati langu msumarini, vyote kama nilivyoviacha. Nimewasimulia wageni, nimewasimulia wanafunzi wangu wa kazi, nimekusimulia wewe ukiwa na homa. Siku zote naishia hapo kwenye shati.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Na mchwa, Abdala? Mchwa hujawasimulia watu?"

Ndiyo, mwanangu, kulikuwa na mchwa. Chumba cha mawe ukikifunga bila hewa hushika unyevu, na mchwa hawahitaji ufunguo. Nilipokaa juu ya kile kitanda kilikwenda chini na mimi. Lile shati nililigusa likabaki kola mkononi. Usiku ule nililala jikoni na wadogo zangu, na nakumbuka nililala vizuri, maana walikuwa wamejaa na kulikuwa na joto na wananiuliza maswali. Sikuwahi kuisimulia sehemu hiyo kwa sababu niliona inamfedhehesha mama yangu.

"Fatima alikuwa alala jikoni na moshi," Bibi akasema, "nami nimekufungia wewe chumba. Kila nikipita pale moyo wauma, nikifikiri ndiyo mapenzi hayo. Nawe ukaja ukalala siku chache, ukaoa, ukajenga kwako. Sikuwa namngoja mtu mle ndani. Nilikuwa nafuga mchwa."

Nilimshika mkono, tukakaa. Nazi ikaanguka kweli, akanitazama, tukacheka wote wawili.

Basi asubuhi hii niliposema nakwenda Palma kuthibitisha nafasi yako garini, niliithibitisha, lakini nilipita na kwa Anli. Nilikuwa na ile nyeusi ndani ya mfuko wake. Hakunisema. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa wale mapacha, akasema, "Nilikuwekea, mestre." Kimoja nimekiweka sebuleni, juu ya kabati safari hii na si ndani yake, na kitambaa mama yako amekubali kikae chini yake badala ya juu. Cha pili nimekiweka rafuni kwako, palipokuwa na vitabu vyako. Vitabu nimevipanga kwenye sanduku, sikutupa hata kimoja.

Na mlipotoka kwenda kuaga tulimhamisha Bibi. Fatima alishika upande mmoja wa kitanda na mimi mwingine, yeye mwenyewe akiwa juu yake anatuelekeza kama nahodha, watoto mbele wakipiga makofi. Tumemweka kwenye ukuta wa dirisha, wewe nimekuachia nafasi ya usiku mmoja upande wa pili. Mtalala wawili, na naona hamtalala. Kile chumba kizuri cha mwisho nimewapa watoto wa Fatima, wakapigie kelele kule, nazi ziwasikilize.

Nimempa Bibi simu yangu ya zamani, na wa kwanza kumpigia alikuwa dada yake, uso kwa uso, kitu ambacho hawajakifanya tangu miguu imkatae. Walitazamana kwanza, kila mmoja akishangaa mwenzake alivyozeeka. Halafu yule wa Mtwara akauliza, "Umehamia wapi, mbona nasikia vyombo?"

Bibi akamwambia, "Nimehamia kwa watu."

Nilikuwa nimesimama na nyundo mkononi, ikanibidi nitoke nje kidogo.

Sina mahubiri ya kukupa, Atija. Ninachokijua nimekijua kwa kuchelewa, nacho ni kidogo. Nimejenga nyumba za watu na yangu mwenyewe, na nilidhani kumpenda mtu ni kumtenga na kelele, kumpa pake pazuri na kumwacha. Sikuwahi kumuuliza mama yangu kama anasikia chochote kule nilikomweka. Huko chuoni utapewa vitu vizuri na watu wanaokutakia mema, na vingine havitakufaa. Wewe umerithi kwangu na kwa Bibi ile adabu ya kunyamaza, niliiona siku ile ulipotazama minazi. Ni adabu njema lakini isikuue. Ukiwa mpweke sema mapema, mwambie mwenzako wa chumbani, mwambie mama yako, hata mimi niambie. Nitajifanya nasikiliza taarifa ya habari, lakini nitakuwa nakusikia. Na mimi nianze kwa kukuonyesha mfano: naumia unavyoondoka. Nina furaha na ninaumia, vyote viwili, tangu siku ya vigelegele mpaka leo, na nimekuwa nikivifokea badala ya kuvisema.

Jioni ukipiga, piga simu ya Bibi. Sisi wengine tutakuja ulipo mtandao. Nimeshaona dalili: Fatima amehamishia ungo wake mle ndani, na watoto wamekaa sakafuni, na mama yako akirudi atataka kujua kwa nini hakushirikishwa kumhamisha Bibi, naye atakaa.

Limebaki la chumba. Hapa kwetu mtoto wa nyumba habishi hodi, anasukuma mlango tu. Wewe ukirudi itabidi ubishe. Nilimwambia Bibi kwamba ukija likizo atakupisha, akakataa katakata. "Hapishwi mtu," akasema. "Abishe hodi kwa adabu, wake wenza ndivyo wanavyoishi, nami nitamwambia karibu." Kisha akaniuliza likizo ni lini, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole juu ya shuka, akafika mahali akaacha, akaniuliza tena kama ni mbali.

Nikamnyooshea shuka. Basi usikawie, mwanangu. Njoo ubishe hodi naye angalipo wa kuitikia.

Ni mimi baba yako,
Abdala